Duara la Majivu

Mwalimu Mansur wa kisiwa cha Chula nilimchukia siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Ilikuwa mwaka 1993, kambini Mombasa, sisi Wabajuni tuliokimbia vita Somalia tumejazana kwenye mahema. Mimi Barke nilikuwa na darasa langu la watoto hamsini. Akaja yeye, kasomea kufundisha viziwi, akamkalisha mbele ya darasa hilo msichana aitwaye Rawda. Bomu lililoanguka karibu na kwao Kismayo lilimwacha hasikii kitu. Alichobaki nacho ni kusoma midomo ya watu.

"Dada Barke," Mansur akaniambia kwa upole, "ukifundisha unatembea mno. Tena unaongea na ubao."

"Ala! Mchu gani huyu, aje anifundishe kusimama?" nikang'aka kwa Kibajuni chetu.

Kesho yake alikuja na majivu ya jikoni ndani ya mkebe, akachora duara mbele ya Rawda. "Ukisema, semea humu." Nilitoka humo mara ngapi, wallahi sijui. Kila nikitoka, Mansur anainua mkono kule nyuma, na watoto wanacheka mpaka basi. Nilinuna wiki nzima.

Lakini yule bwana hakuchoka. Kila siku baada ya alasiri tulikaa pamoja, mimi nataja maneno ya somo la kesho, yeye anayachorea picha. Wiki ya tatu hata watundu wa nyuma walianza kunisikiliza, kwa kuwa sasa nilikuwa nawatazama. Roho iliniuma kukiri. Nikakiri.

Karibu na mwisho wa muhula akaja mkaguzi. Alishasema wazi: Rawda akifeli imla, atahamishiwa hema la pembeni, ambako watoto kama yeye walikaa tu wakingoja uji. Maneno kumi, na mkaguzi mwenyewe ndiye atakayeyasoma. Lo! Mikono nyuma, akaanza kusoma huku anazunguka darasa zima. Maneno matatu yakapita. Rawda akageuza shingo huku na kule, kisha akaweka kalamu chini.

Mansur, yule asiyepandisha sauti hata siku moja, akachukua mkebe wake, akamfuata mkaguzi mpaka alipofika mbele ya Rawda, akapiga magoti na kumzungushia majivu viatuni.

"Nini hiki?" mkaguzi akafoka.

Kabla Mansur hajainuka, nikainuka mimi.

"Hapo ndipo pa mwalimu. Nimesimama humo muhula mzima, nami ni mkaidi kukushinda wewe. Anza upya, bwana."

Mkaguzi akamtazama Rawda. Mtoto alishashika kalamu, macho kayakaza kwenye midomo yake. Mkaguzi akaanza upya, na hakutoka humo hadi neno la mwisho.

Rawda alipata tisa. Nililia mbele ya darasa, wacha wanicheke. Mansur akachukua ufagio afagie yale majivu.

"Acha, kaka," nikamwambia. "Kesho nitasimama wapi?"