Neno la Kwanza la Mdogo Wangu

Juzi sokoni Kyela, mtoto aliyebebwa mgongoni alimnyooshea mbuzi kidole akasema, "Tata!" Watu wakacheka, maana kwetu tata ni baba. Mimi nikaikumbuka alasiri moja kule Lyulilo, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Baba alikuwa ameondoka na mtumbwi kwenda kuuza vyungu, na siku za kurudi zilikuwa zimepita. Ua wetu ulinuka dagaa wa usipa walioanikwa na udongo mbichi. Mdogo wangu, ambaye hakuwa ametamka neno hata moja, akatazama ziwani, akasema, "Tata."

"Mama, baba anakuja! Mtoto amemwona!" nikapaza sauti.

Nilikimbia mpaka ufukweni, nikasimama majini nikikagua kila mtumbwi hadi milima ikawa myeusi.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa akimwita kuku tata, na kata ya maji pia tata.

"Nawa mikono, mwanangu," mama alisema.

Siku hizi najua kwamba watoto wengi huanza na neno hilo, wala hawamwiti mtu. Mama alilijua hilo siku ile ile. Lakini chakula cha baba alikuwa amekipakua, akakifunika.