Mjomba Niliyemtaja kwa Daktari

Harufu ya maganda ya kahawa yanayovunda nyuma ya nyumba hunirudisha Nkoaranga, msimu ule nilipokuwa na miaka tisa na daktari mmoja wa mjini akaanza kutujia. Alikuwa mama wa makamo, mtafiti wa ulemavu wa akili unaopita kwenye ukoo, na aliyekuja kumwona ni kaka yangu Elia, ambaye kwa miaka yake kumi na minne alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. Upole wake ndio ulionitia shaka. Mtu apande kilima kile chote kwa miguu, aamkie shikamoo kila mtu mpaka abakize mbwa, halafu akipewa ndizi akatae? Huyo ana lake!

Siku ya tatu alikunjua karatasi kubwa sebuleni, akachora vijumba kwa wanaume na viduara kwa wanawake, akaviunganisha kwa mistari. Akasema hali ya Elia huenda ni ya kurithi. Bibi mzaa baba alikurupuka kitini, maana kwake neno hilo lilihusu shamba tu. "Kurithi nini? Mmekuja kutugawia shamba kwa penseli?" Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Mama amekaa kwenye ukingo wa kochi, ameikamata khanga yake kwa mikono miwili. Miaka yote Bibi alidai kwamba balaa lile kaliingiza Mama kwenye ukoo, na miaka yote Mama alikana. Daktari akamuuliza kama upande wake kuna mwingine wa namna hiyo. Mama alijibu bila kupepesa macho: "Hakuna."

Basi mimi na kimbelembele changu! Nilidhani amesahau. "Mama, si yupo Mjomba Samweli wa Akheri? Yule anayelishwa?"

Daktari akajaza wino mweusi kijumba kimoja cha upande wa Mama. "Si kosa la mtu, mama," alimwambia. "Hakuna mama anayechagua cha kumpa mtoto." Nani amsikie? Bibi alikuwa ameshapata alichokitafuta. "Mmeona? Si niliwaambia?" Mama hakunikaripia wala kunipiga, heri angenipiga. Wiki hiyohiyo alimchukua Elia wakarudi Akheri kwa wazazi wake, na Baba, hodari wa kucheka, hakuthubutu kuwafuata. Mimi nikabaki kwa Bibi. Nilimchukia sana yule daktari, huku nikijua fika kwamba mdomo ulikuwa wangu.

Leo naishi Engutoto na nina mimba ya kwanza. Kliniki wamenieleza yote kwa utaratibu, na sasa najua kwamba yule daktari hakuwa na hila yoyote. Kilichotuvunjia nyumba wakati ule ndicho ninachokihitaji sasa ili nijiandae: wanataka kujua kama upande wa Mama kulikuwa na wengine zaidi ya Mjomba. Juzi nikampigia Mama simu, nikamuuliza. Nikamsikia akifunga mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya chini:

"Uko na nani hapo?"