Mtunza Kadi ya Zamani

Nilikuwa na mke mwenza, na alikaa kona ya sebule yangu: kompyuta iliyovuliwa ubavu, nyaya nje nje, feni ikikoroma. Mchana mume wangu alitengeneza simu kibandani kwake. Jioni, kabla hata hajavua viatu, alikwenda kwanza kuisalimu. "Mwenzangu leo kashindaje?" nilikuwa namuuliza, naye akicheka bila kugeuka.

Upo mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, na wanaoujenga ni watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana. Kila mmoja ana kipande chake. Kipande cha mume wangu kilikuwa programu ndogo ya kuufanya mfumo uelewane na kadi fulani ya mtandao, ile inayoiunganisha kompyuta na intaneti, ya zamani, ya bei ya chini, ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Kila toleo jipya lilipokaribia, ilibidi airekebishe programu ile, aijaribu kwenye kadi yenyewe, kisha aandike upya maelezo ya kuitumia. Hakulipwa. Nilimsema mpaka nikachoka.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akamkataza kuinama, kunyanyua vitu na kukaa kitako muda mrefu. Na wajenzi wa mfumo ule wana desturi: kipande kisicho na mtu wa kukijaribu huondolewa, kisije kikawaharibia wengine. Akaandika kwenye baraza la mtandaoni la wajenzi wenzake kuomba mtu wa kumpokea kazi hiyo. Hakupatikana. Akaandika tena: je, bado yupo anayeitumia kadi hii?

Siku zile alikuwa mtu wa kuchungulia kompyuta, kurudi kitandani, kuinuka tena. Hakuna aliyejibu.

"Mama watoto," akaniambia, "kumbe nilikuwa nafagia nyumba isiyo na watu."

"Acha hizo! Mimi nimekushonea vifungo miaka yote. Umewahi kuniambia asante? Na shati si unavaa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hayakumwingia, nilimwona. Wenzake walijitolea kuiondoa programu, akakataa. Alisema aliyeiweka ndiye atakayeitoa. Akaifuta mwenyewe, pamoja na maelezo yake, akazima kompyuta na kuifunika kitambaa. Hakuigusa tena. Tulimzika kabla toleo jipya, lisilo na programu yake, halijawafikia watu.

Baada ya msiba nikawa naipangusa vumbi ile kompyuta, mimi niliyeisimanga miaka yote. Alasiri moja binti yetu akaiwasha ili afunge barua pepe ya baba yake. Mara nikasikia, "Mama, hebu njoo."

Barua zilikuwa zimejaa. Watu walikuwa wamepokea toleo jipya na mtandao ukawakatikia, wakaipata anwani yake kwenye maelezo ya toleo la zamani. Maktaba moja. Zahanati yenye kompyuta za kupewa. Shule kadhaa. Mwingine alikuwa anafoka tu: mjinga gani ameiondoa?

"Baba yako si aliuliza?" nikasema, sauti imenipanda. "Walikuwa wapi hawa?"

"Aliwauliza wajenzi, mama. Wanaotumia hawasomi kule. Na mtu hasemi kitu mpaka kiharibike."

Nilitamani kuibamiza ukutani ile mashine. Binti akanisomea barua ya mtu wa zahanati: "Haikuwahi kutusumbua hata siku moja, ndiyo maana hatukujua kama kuna mtu anaitunza."

Hapo nililia upya, kama siku ile ya kwanza. Sentensi hiyo moja ingemtosha mume wangu. Angeondoka nayo.

Binti aliningoja mpaka nikanyamaza. Akauliza kama tuwajibu au tuifunge tu.

"Wajibu," nikamwambia. "Waandikie kwamba mtu alikuwepo. Waandikie amekufa akiamini wao ndio hawakuwepo."