Foleni ya Pai Kilimani Corbin

Rowena Bascom aliwahi kumwacha mumewe barabarani. Marehemu Everett alikuwa na miadi na daktari wa meno mjini Marden, gari lake likagoma kwa baridi, naye akaona hakuna ubaya kupanda basi la shule ambalo mkewe ndiye dereva wake. Watoto walikuwa wameshakaa. Everett akakumbuka kofia, akarudi ndani. Alipotoka na kofia kichwani, basi lilikuwa linapinda kona ya chini. Jioni alilalamika, shavu limevimba, akajibiwa, "Watoto wote walikuwa wanakutazama, Everett. Ulitaka niwafundishe nini?" Alikisimulia kisa hicho hadi anakufa, na sikuwahi kumsikia akikisimulia kwa uchungu.

Hapa Kilimani Corbin, Vermont, Marekani, ambako kila Machi barabara huwa uji, watu wazima wengi walibebwa na Rowena wakiwa wadogo, na sasa anawabeba watoto wao. Saa moja kasoro robo ni saa moja kasoro robo. Hakuna kula ndani ya basi. Hakuna kusimama likiwa linakwenda. Hakuna kusema "si mimi" kabla hujaulizwa.

Wapo waliomwita katili. Kwangu mimi katili ni yule anayewabana wengine na kujilegezea mwenyewe, na Rowena hakujilegezea. Mwaka mmoja saa yake ya mkononi ilikimbia, akapita kwa akina Dufresne kabla ya wakati, mtoto wao akaachwa bila kosa. Kesho yake alisimamisha basi mbele ya nyumba ile, akazima injini, akasimama katikati ya viti, akamwambia mtoto wa miaka saba mbele ya wenzake wote, "Jana nilikukosea. Nilikuja mapema. Naomba unisamehe." Mtoto alilia kwa hofu, lakini alisamehe.

Mwaka jana likazuka suala la mpaka. Kilima chetu kimo katika wilaya ya shule ya Marden tangu enzi za babu zetu. Ng'ambo yake iko wilaya ya Pell, yenye shule mpya na bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya jengo. Claudette Thibault, mstaafu wa benki, mwanamke mwenye akili na sauti, alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini ili mpaka usogezwe na kilima kiingie Pell. Serikali ya jimbo ikakubali wakazi wa kilima waamue wenyewe. Wengi wape.

Claudette alizungumzia bwawa, lakini sote tulijua chanzo. Mjukuu wake June, wa miaka tisa, anaishi naye, na June ni mtoto wa kutafuta soksi kila asubuhi. Rowena alikuwa ameshamwacha zaidi ya mara moja.

"Dereva wa Pell anasubiri mpaka mtoto afunge kamba za viatu," Claudette alisema siku moja mbele ya duka, akijua Rowena yuko nyuma yake.

"Na mtoto atajifunza lini kuzifunga?" Rowena aliuliza, kisha akaingia kununua sabuni.

Kwa Rowena hilo halikuwa suala la bwawa. Mabasi ya Pell yanaendeshwa na kampuni yenye madereva wake. Mpaka ungesogea, basi lake lingebaki limeegeshwa kule Marden, na yeye, mjane wa miaka sitini na tatu, angebaki na kikombe cha kahawa na dirisha. Hata hivyo hakumwomba mtu kura. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Chungu hiki nina njaa nacho, na mwenye njaa asishike mwiko. Siku ya kura nitasimama upande wangu, basi."

Mabango yakaota kwenye theluji ya kila ua. Kubwa kuliko yote, NDIYO KWA PELL, lilisimama kwa akina Thibault, na aliyelipigilia ni Armand, mume wa Claudette. Armand alichonga mawe ya makaburi maisha yake yote, na kazi hiyo ilimzoesha kufupisha. Watu hutania kwamba siku ya arusi yao maneno yaligawanywa mafungu mawili, Claudette akachukua yote mawili.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Hollis Peaslee, fundi wa matrekta, ambaye ukishampa nyundo ya mbao hugonga meza hata akitaka chumvi. Utaratibu wetu ni wa zamani. Kwanza tunapiga kura kwa sauti. Sauti zikilingana, ukumbi unagawanyika: wanaokubali wanasimama upande wa madirisha, wanaokataa wanasimama upande wa ukuta wa jikoni, na mwenyekiti anahesabu. Na hakuna mkutano bila pai. Kwa kawaida pai hutolewa maneno yakiisha, lakini siku hiyo maneno hayakuisha, na akina mama wa jikoni wana nyumba zao. Wakazipanga pai za matofaa na za malenge kwenye meza ndefu kando ya ukuta wa jikoni, wakavua aproni.

"Wanangu wanakaa ndani ya basi karibu saa nzima," alisema kijana mmoja, Wendell Stroud.

"Kwa sababu unaishi mwisho wa dunia, Wendell," akajibiwa kutoka nyuma. "Baba yako alikwambia ununue huku chini."

"Pell wana bwawa," Claudette alisema.

"Sisi tuna mto," akasema mzee mmoja.

"Mto wenu una barafu miezi mitano."

"Ndiyo, mama. Lakini hautozi kodi."

Hollis akagonga. Kura ya sauti ikapigwa, na "ndiyo" na "hapana" zikatikisa paa sawasawa. Akatuamuru tugawanyike. Viti vikaburutwa, watu wakapishana, wengine wakaombana radhi kwa kukanyagana huku wakitazamana kwa chuki. Hollis alipita akigusa kila bega kwa ncha ya nyundo, midomo ikichezacheza. Upande wa jikoni ulizidi kwa mtu mmoja.

"Hapana imeshinda," alitangaza. "Mpaka unabaki ulipo."

Nilikuwa nimesimama karibu na Rowena. Alifumba macho, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia. Alipoyafumbua, akamwona Armand Thibault. Alikuwa nyuma ya makoti yaliyotundikwa, sahani mkononi, akilitazama pande lake la pai ya malenge kama mtu anayesali.

Nilimwona Rowena akielewa. Huyu ndiye mwenye bango kubwa kuliko yote, mume wa kiongozi wa ndiyo, naye amehesabiwa kuwa hapana kwa sababu tu foleni ya pai imeangukia upande wa hapana. Kura moja. Claudette alikuwa mbele kabisa madirishani, anapekua mfuko wa koti, hajaona kitu. Rowena angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angejua. Na hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Mbele za watu hata mwizi ni mwaminifu.

"Malenge ya laana," alinong'ona. Kisha akanyoosha mkono. "Bwana mwenyekiti."

"Kikao kimefungwa, Rowena."

"Hukugonga."

Hollis aliitazama nyundo. Kweli, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesahau kugonga. "Haya, sema."

"Umemhesabu Armand Thibault upande huu. Armand hakuja huku kupiga kura, amefuata pai. Kura hiyo si yetu."

Ukumbi mzima ukageuka. Armand alibaki kati ya makoti mawili kama mtoto aliyekutwa na kidole ndani ya asali.

"Armand," Claudette aliita kutoka madirishani. "Unafanya nini huko?"

"Nachukua pai, mke wangu."

"Haya, ishachukuliwa. Njoo huku, tuhesabiwe upya."

"Taratibu, Claudette," Hollis alisema. "Utaratibu unataka nimuulize mwenyewe. Armand, umesimama upande gani?"

"Wa malenge."

Watu wakacheka. Hollis akagonga.

"Tuache malenge, mzee mwenzangu. Upande gani?"

Armand alimtazama Rowena, na hayakuwa macho ya shukrani. "Hivi wewe," alisema polepole, "ulikuwa na haja gani ya kuwa mkweli leo?"

"Haja ipo kila siku, Armand."

Akashusha pumzi, akaiweka sahani juu ya rafu ya kofia. "Basi na mimi niseme. Pai zinawekwa ukuta huu tangu nizaliwe. Nilijua zitakuwa hapa, na nimesimama hapa kwa sababu nataka kuwa hapa. Pai ilikuwa kwa ajili ya amani ya nyumbani."

Hata waliobaki jikoni walifunga bomba wasikie.

"Wewe ndiye uliyepigilia bango," Claudette alisema.

"Uliniambia nipigilie, nikapigilia. Hukuniuliza kama naliamini."

"Na mjukuu wako anayeachwa barabarani?"

"June haachwi. June anachelewa." Alijifuta paji la uso kwa mkono wa koti la mtu mwingine. "Kilima hiki kizima kina mtu mmoja tu anayeweza kukwambia hapana, mke wangu, na mtu huyo anaendesha basi. Mkimwondoa, kazi hiyo itabaki kwangu, na mimi siiwezi. Si mnaona wenyewe nimejificha kwenye makoti."

Kicheko kilianzia madirishani, upande wa Claudette mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Hapana," Hollis alisema, akigusa bega la Armand kwa nyundo mara ya pili. "Matokeo ni yaleyale." Safari hii aligonga hadi kijiko kikaanguka.

Sikumsifu Armand, wala simsifu sasa. Mume anayeshindwa kumwambia mkewe "mimi sioni hivyo" wakiwa mezani nyumbani, huku akitikisa kichwa kukubali, amemdharau kuliko anayembishia. Kura ya siri ina heshima yake, lakini kura ya kujibanza nyuma ya koti haina. Hata hivyo alitoka, na aliyemtoa ni mwanamke aliyekuwa radhi kupoteza basi lake kuliko kulibakiza kwa kura asiyoamini kuwa ni yake.

Adhabu haikuchelewa. Armand aliambiwa ang'oe bango mwenyewe, na kwa kuwa ardhi ya uani ilikuwa bado imeganda, tulimwona akienda na kurudi na birika la maji ya moto kama mkunga. Claudette, ambaye pai zake ni bora kuliko za ukumbini, hakuoka kitu. Armand alinunua pai dukani, akaila garini.

Na Rowena hakulipa fadhila. Asubuhi iliyofuata June alitoka na buti moja, la pili mkononi, na saa ikafika. Mlango ukafungwa, basi likaondoka. Armand akawasha gari lake akampeleka mtoto.

Kuanzia siku iliyofuata, Claudette alitoka na June mapema, wakasimama kwenye sanduku la barua, mtoto amevaa soksi zote mbili. Alifanya hivyo ili tu kumnyima Rowena raha ya kumwacha mtoto. Mlango ukifunguliwa, husema, "Mwakani nitapiga kura ileile," na Rowena hujibu, "Sawa. June, kaa." June hakuachwa tena.

Ndipo tope likafika kweli. Asubuhi moja basi lilichelewa. Claudette alikuwa anasubiri, mkono wenye saa ameunyoosha mbele.

"Umechelewa," alisema, na furaha ilikuwa imemjaa hadi kwenye nyusi.

Rowena akatazama saa yake. Akazima injini, akashuka ngazi za basi hadi kwenye tope, watoto wote wamebandika pua kwenye vioo. "Ni kweli," alisema. "Nimekukosea wewe na June. Tope si udhuru, ningeondoka mapema. Naomba unisamehe."

Claudette alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa wiki nzima. Nadhani ndiyo mara ya pekee maneno yalimwishia. "Haya, nenda," alisema mwishowe. "Watoto watachelewa."

Kesho yake Claudette alikuja na kipande cha pai kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, kijiko pembeni. Harufu ya matofaa na mdalasini ilifika hadi barazani, ambako Armand alisimama na kahawa yake. Claudette akaipenyeza sahani mlangoni mwa basi.

"Hakuna kula ndani ya basi," Rowena alisema.

"Si ya watoto. Ni yako."

"Mimi nipo ndani ya basi, Claudette."

Mlango ukafungwa. Claudette akabaki barabarani na pai yake. Akapanda njia taratibu hadi barazani, na Armand akaweka kikombe chini, akajifuta mikono. Claudette akasimama mbele yake, akakila kipande kile karibu chote, kijiko kwa kijiko, bila haraka. Kisha akamwachia ukoko wa pembeni.

Armand anasema hajawahi kula ukoko mtamu kama ule.