Mama Mniko wa Bunda na kitabu ambacho hakijarudi

Jua la saa mbili asubuhi limeshaanza kuuma katika soko la Bunda. Euphrasia Baltazar anamkagua mteja wake kuanzia viatuni kwenda juu, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Umesema unataka kitabu gani?"

"Cha mapenzi, Mama Mniko. Kile kinachofundisha kupata mchumba," anajibu kijana huyo, fundi baiskeli, akiangalia pembeni.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Unafuga nini?"

"Sifugi kitu."

Euphrasia anainama, anapekua boksi lililo chini ya meza na kuibuka na kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. "Anza na hiki. Kuku wakishaongezeka, njoo nikupe cha mapenzi. Angalau huyo mchumba akija utakuwa na cha kumchinjia."

Muuza dagaa wa meza ya jirani anacheka mpaka anashika kiuno. Kijana naye anacheka, ingawa kwa shingo upande, lakini kitabu anakichukua.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu mwenye umri wa miaka 56. Anauza na kuazimisha vitabu vilivyotumika, na katika Bunda nzima ni wachache wanaolijua jina lake la ubatizo. Wengine wote wanamwita Mama Mniko, kwa jina la mwanawe wa pekee.

Meza yake ipo chini ya turubai la bluu, kati ya muuza dagaa na fundi cherehani. Riwaya za upelelezi zinakaa na vitabu vya dini, tamthilia zinaegemea vitabu vya kilimo cha pamba, na diwani za mashairi zimelalia historia. Vyote vinanuka dagaa, na wateja wameshazoea.

Kuazima kitabu kwa wiki mbili ni shilingi mia tano. Siku ikiwa nzuri hurudi nyumbani na elfu nane, na siku ya mvua hurudi na turubai lililolowa.

"Kitabu chenyewe si kazi," anasema. "Kazi ni kumjua mtu. Watu wanakuja wanataja kitabu wanachokitaka, wakati chao ni kingine kabisa."

Anastazia, muuguzi wa zahanati moja ya hapa mjini, anakumbuka alivyofika kwenye meza hiyo mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe. Aliomba kitabu cha sala. Mama Mniko alimpa riwaya ya upelelezi yenye maiti katika ukurasa wa kwanza.

"Nilikasirika, nikaona huyu mama hana utu," anasimulia Anastazia. "Nikasoma tu kwa hasira. Usiku ule nilikuwa namtafuta muuaji, na ndiyo mara ya kwanza nililala bila kulia. Kitabu cha sala alinipaga baadaye, nilipokuwa tayari."

Lakini kinachoitofautisha meza hii na nyingine zote ni ndama.

Ili kuelewa, lazima kurudi Butiama, alikozaliwa Euphrasia. Baba yake alikuwa mfugaji, na kama wafugaji wengi wa huko, hakuwaweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki wa vijiji vya mbali, ili maradhi yakiingia kwake asifilisike. Rafiki aliyekabidhiwa ng'ombe alikunywa maziwa na kutumia samadi shambani. Ng'ombe akizaa, ndama alikuwa wa mwenye ng'ombe.

"Nami nikasema vitabu vyangu vitakwenda hivyohivyo," anasema. "Maziwa kunywa wewe. Ukirudisha kitabu, nipe ndama wangu."

Ndama anayemtaka ni maneno. Kila anayerudisha kitabu sharti asimame mezani aseme kikoje, na kisha aseme kipewe nani baada yake. Asiyefanya hivyo haazimi tena, hata kama ni mheshimiwa.

Mzee Enoka, karani mstaafu wa kupimia pamba, amefika kurudisha riwaya. Anavua kofia, anakohoa kidogo, kisha anatoa ndama wake mbele ya soko.

"Mwandishi wa hii kitabu anajua kuua, kuzika hajui," anasema. "Maiti wako watatu, hakuna hata matanga! Mtu anakufa, kesho yake wanakunywa chai kama hakuna jambo. Ila inakimbia vizuri. Nimesahau hata kwenda kuchota maji."

"Nimpe nani, mzee wangu?"

"Mpe mtu anayelalaga sana mchana. Mwenye presha usimpe."

Euphrasia anaitikia kwa kichwa. Haandiki popote. Maneno hayo atayabeba kichwani mpaka atakapotokea mtu mwenye usingizi mwingi.

Naye anazo hukumu zake. Riwaya moja nene ya mapenzi aliitupa kwa sentensi moja: "Imeanza kama harusi, ikaisha kama mkutano wa kijiji." Kuhusu diwani moja ya mashairi alisema inafaa kusomwa na mtu anayesubiri uji upoe, kidogo kidogo.

Jambo moja tu halifanyi kamwe, nalo ni kumwambia mtu mwisho wa kitabu. Ukimbembeleza, atakujibu neno moja, "Soma." Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuivunja sheria hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Euphrasia aliishia darasa la saba. Akiwa binti alipata kazi ya kufagia chumba cha kusomea cha misheni moja mjini Musoma. Alikuwa akifuta vumbi kitabu kimoja, akikifungua kidogo, na mwisho wake akawa anafagia haraka ili apate muda wa kusoma. Chumba hicho kilipofungwa, alipewa maboksi matatu ya vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wake alipoolewa Bunda.

Ndani ya boksi moja mlikuwa na riwaya isiyokuwa na jalada wala ukurasa wa jina. Jina lake halijulikani, wala la aliyeiandika. Aliishonea jalada la kitambaa cha gunia la pamba, kwa uzi mwekundu.

"Ni hadithi ya kijana anayetoroka kwao kwenda kutafuta dhahabu," anasema. "Vitabu vizuri nimesoma vingi. Ila hicho ndicho nilichokuwa nakirudia."

Mniko alikulia kwenye meza hiyo baada ya baba yake kufariki. Alijua kusoma kabla ya kuanza shule. Lakini alipofikia umri wa kijana, meza ikamchosha. Wenzake walikuwa wanakwenda machimboni, wengine walirudi na pikipiki. Akaanza kukaa kimya wakati wa kula.

Mama yake akaona dalili. Akafanya anachofanya kwa kila mtu, akamchagulia kitabu. Akampa kile cha jalada la gunia.

"Nilijua akifika mwisho hataondoka," anasema. Anainua kona ya kanga na kujifuta uso. "Lakini nusu ya kwanza ya hicho kitabu ni tamu mno. Kijana anapata dhahabu, anakula, anaheshimiwa. Mniko alikaa nacho siku nzima. Jioni akaniuliza, 'Mama, kwani mwishowe inakuwaje?' Mimi na kiburi changu nikamwambia, 'Soma.'"

Kulipopambazuka, kitanda cha Mniko kilikuwa kitupu. Hakuchukua nguo za kutosha, ila kitabu alikichukua.

"Nilimpa mgonjwa dawa, akanywa nusu dozi," anasema Euphrasia. "Ningemwambia tu mwisho. Neno moja tu! Sijui nilikuwa nalinda nini."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Mwanzoni Mniko alipiga simu kutoka Geita, halafu Chunya. Halafu namba ikawa haipatikani. Kila alipokwenda Musoma kununua vitabu kwa walimu wastaafu, Euphrasia alitafuta nakala nyingine ya riwaya ile, na hakuipata. Anasema alitaka tu kuwa nayo nyumbani, aguse alichogusa mwanawe.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sokoni watu wanamwita Mama Mniko mara mia kwa siku, na kila mara anaitika.

Wiki mbili zilizopita alifika mezani kwake mama lishe mmoja kutoka Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu wilayani Butiama. Anaitwa Jenoveva. Alikuja Bunda kununua mchele, akaona meza ya vitabu, akasimama.

"Nilimwambia, 'Mama shikamoo, naomba kitabu ya hadithi, kuna kaka kwetu anatusomeaga,'" anasimulia Jenoveva kwa simu. "Anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mchana wakipumzika kula kwangu anatoa kitabu yake, anatusomea. Wachimbaji wote wananyamaza. Ila ni hiyohiyo moja tu, na mwisho hatuujui."

Euphrasia alimuuliza kwa nini hawaujui.

"Akifikia sura ya mwisho anafungaga kitabu. Tunamwambia, 'Bunda, malizia bwana!' Sisi tunamuitaga Bunda kwa sababu ndiyo kwao. Anasema bado hajafika huko. Kesho yake anaanza upya ukurasa wa kwanza. Na ukitaka kukiazima anakwambia, 'Utanipa ndama?' Tunamuonaga kama kachanganyikiwa kidogo."

Euphrasia aliuliza swali moja tu zaidi, kuhusu jalada. Jenoveva akasema ni la gunia, limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Fundi cherehani wa meza ya pili anasema hajawahi kumwona Mama Mniko akikaa chini mchana kama siku ile. Alikaa juu ya boksi la vitabu, na wateja wakajihudumia wenyewe.

Furaha ya kujua kwamba mwanawe ni mzima ilikuja na maumivu yake. Kutoka Buhemba hadi Bunda ni safari ya asubuhi moja. Mniko alirudi mkoani Mara, akafika mlangoni kabisa mwa kwao, na nyumbani hakufika.

"Najua kwa nini," anasema mama yake. "Hajapata kitu. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo anavyowaza. Anaona aibu. Na sura ya mwisho anaiogopa, anadhani yule kijana wa kwenye kitabu anarudi anakuta mama yake amekufa. Au anakuta mlango umefungwa."

Anatazama barabara ya Musoma, mabasi yanapopita.

"Kwa baba yangu, mtu uliyemkabidhi ng'ombe, ng'ombe akafa, alikuwa anakuletea ngozi. Hakuna aliyemfukuza. Ulipokea ngozi, ukamkaribisha ndani, yakaisha. Mniko hayo anayajua, nilimfundisha mwenyewe. Mimi hata ngozi ningepokea. Aje hivyohivyo alivyo."

Jenoveva alijitolea kumpelekea Mniko ujumbe, hata kumpa mama yake namba mpya ya kijana huyo. Euphrasia alikataa vyote viwili. Anasema mwenye ng'ombe hatumi mtu kwenda kudai, huenda mwenyewe kusalimia. Lakini ukikaa naye zaidi anakiri kwamba aliogopa pia. Aliogopa kupiga simu na kusikia ikikatwa.

Sasa ameamua. Jumapili hii, baada ya misa ya kwanza, atapanda basi hadi Butiama, na kutoka hapo bodaboda hadi Buhemba. Amemwomba Jenoveva asiseme lolote. Kwenye mfuko ameshaweka kitabu kingine, alichomchagulia mwanawe baada ya kuhangaika nacho wiki nzima. Ni cha vichekesho.

"Nitakaa nyuma na wachimbaji, nisikilize anavyosoma," anasema. "Akifika pale anapofunga kitabu, nitaendelea mimi. Sura ile ninayo yote kichwani."

Alipoulizwa sura hiyo inasema nini, alimtazama mwandishi wa makala haya kama alivyomtazama fundi baiskeli. Ilionekana dhahiri kwamba jibu litakuwa lile neno moja. Kisha akavuta kigoda karibu.

"Jenoveva anafungiaga maandazi kwa magazeti," alisema. "Hili lako nalo litafika Buhemba, leo au kesho kutwa. Inaweza kuwa kabla yangu. Kwa hiyo andika."

Akasimulia taratibu, akihakikisha kalamu inamfuata. Kijana anarudi kwao jioni, hana kitu isipokuwa blanketi begani. Anasimama mlangoni, anashindwa kubisha hodi. Mama yake yuko ndani, amezeeka, anapuliza moto. Hageuki. Hamuulizi alikuwa wapi wala ameleta nini. Anamuuliza tu, "Umekula?" Na kitabu kinaishia hapo.

Mteja alikuwa ameshafika mezani na kuanza kupekua mashairi. Euphrasia akanyanyuka, akajikung'uta gauni.

"Umeandika vizuri? Basi mwambie kina mwisho mzuri," alisema. "Asome tu, asiogope."