Fahali Kumi na Wawili wa Mama Malimi

Kashindye alikulia Kisesa, nyuma ya ng'ombe. Baba yake alijaliwa mabinti sita na hakuna mvulana, basi huyu wa tatu akakabidhiwa fimbo na kupelekwa machungani. Miaka tisa aliwafuata ng'ombe, kwa hiyo aliwajua zaidi kwa upande wa nyuma. Huko ndiko alikojifunza kuchonga, kwa kisu cha nyumbani na vipande vya miti laini.

Baadaye aliolewa Mwanza mjini, akapata kazi ya kupika kwenye kantini ya kiwanda, akamzaa Malimi na wadogo zake wawili, kisha akafiwa na mume. Mwaka tisini na tatu kiwanda kilipunguza watu, na wa kantini wakawa wa kwanza kuondoka kwa sababu, walielezwa, kupika si uzalishaji. Kashindye alicheka kwa sauti mkutanoni. Meneja akamuuliza kinachomchekesha.

"Nakuonea huruma wewe kesho saa saba mchana," akajibu.

Akahamia Buswelu, akarudi kwenye kisu. Kila Jumatatu alishuka ziwani kwa mafundi wa mitumbwi, akaokota vipande vya mbao walivyotupa na kuvibeba kichwani. Wanyama wake aliwauza kwa kundi, na kundi moja aliliita zizi: fahali mmoja, ng'ombe jike wawili, ndama, mbuzi watatu, punda, na mbwa wa kuchungia. Aliwapiga msasa mpaka kisibaki kibanzi cha kumchoma mtoto, akawapaka mafuta ya pamba wakang'aa. Na kila mnyama alikuwa na kila alichopewa na Mungu.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Miaka hiyo shule za watu binafsi zilikuwa zinachipuka kama uyoga. Mwalimu Adventina, mama wa Kihaya aliyefundisha serikalini miaka kumi na minane, aliacha kazi akafungua chekechea Nyakato, kwenye banda la uani kwake alilolipaka chokaa mwenyewe. Alikuwa mtu wa kunyoosha vitu: vitambaa vya meza, mistari ya watoto, matamshi ya watu. Alikuja Buswelu kuagiza mazizi kumi na mawili. Akamwokota fahali, akamgeuza tumbo juu, akamrudisha mezani upesi kama aliyeshika kaa la moto.

"Mama Malimi, hiki hapa chini ni nini?"

"Wapi, mwarimu?"

"Mwalimu. Hapa."

"Aa. Hapo ndipo panapomfanya dume."

"Watoto wangu wana miaka minne, mitano. Palainishe."

"Abaki bila kitu?"

"Abaki na heshima."

Kashindye akapalainisha. Oda ya mazizi kumi na mawili haikuwa ya kubishana nayo, ila alimwomba radhi kimoyomoyo kila fahali aliyepita kwenye msasa.

Wiki hiyohiyo Mzee Ngosha wa Kisesa, mfugaji wa ng'ombe wengi, alipita kumchukulia zizi mjukuu wake Queen. Kwa haraka zake Kashindye akampa lenye fahali aliyelainishwa. Kesho yake asubuhi mzee akarudi kwa baiskeli, fahali mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma unihasie ng'ombe?"

"Baba, si ni mchezo tu wa mtoto?"

"Ndiyo mtoto achunge maksai? Na yule ndama katoka wapi? Queen kaniuliza hivyo mbele ya wakwe zangu! Mimi nikaangalia chini."

Kashindye alimwomba msamaha, akaahidi kumrekebisha. Mzee alipoondoka, aliketi akamtazama fahali kwa muda, kisha akachukua kekee na kutoboa tundu dogo mahali panapohusika. Akachonga kipande cha mbao chenye umbo linalostahili, kikiwa na kijiti cha kuchomekea. Kikaingia, tap! Kikatoka. Akakichomeka na kukichomoa mara nyingi, peke yake pale uani, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Wa Kisesa angewapa na kipande, wa Nyakato angewanyima. Ili asichanganye tena, akawatoboa wote.

Siku ya kupokea mzigo, Mwalimu Adventina alimgeuza kila mmoja.

"Na hili tundu?"

"La kupumulia, mwarimu. Mbao isipopumua inapasuka."

"Mwalimu. Mbao inapumua?"

"Tena hii ya mitumbwi ndiyo hasa. Imezoea upepo wa ziwani."

Adventina akatoa daftari, akaliandika jambo hilo ili akawafundishe watoto.

Kashindye angeishia hapo, kusingekuwa na tatizo. Lakini Mzee Ngosha alipokuja kumchukua fahali wake, aliongozana na Queen mwenyewe, mtoto wa miaka mitano, pengo mbele.

"Unasoma wapi, mjukuu wangu?" Kashindye akamuuliza.

"Kwa Mwalimu Adventina, Nyakato. Baba na mama wanakaa hapohapo jirani."

Mkono wa Kashindye ukaenda wenyewe kwenye kopo alimoweka vile vipande vya kuchomeka. Akamwonyesha Queen jinsi ya kuchomeka, kisha akamfungia vipande vingine kumi na viwili kwenye kitambaa.

"Hivi vya akiba. Watoto hupoteza vitu."

Siku ya wazazi iliangukia Jumamosi. Paroko alialikwa, na Kashindye naye akaalikwa kama fundi, akaketi nyuma na kitenge chake cha sikukuu. Watoto waliimba, wakahesabu mpaka ishirini. Kisha Mwalimu Adventina, kwa sauti ya fahari, akamwita Queen aonyeshe wanyama wafugwao. Mazizi yote yalikuwa yamepangwa juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Hawa madume walikuwa wagonjwa," Queen akatangaza. "Mwalimu alisema wana tundu la kupumulia. Mimi nimewatibu."

Akamgeuza wa kwanza tumbo juu. Akamgeuza wa pili. Akaendelea hivyo, bila haraka, mpaka wa kumi na mbili.

Mzee Ngosha akasimama, akapiga makofi. "Hao sasa ndio ng'ombe!"

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Paroko alimchukua fahali mmoja, akamkagua kwa makini ya mtu aliyezaliwa kwenye boma, akauliza aliyemchonga ni nani. Vichwa vyote vikageuka nyuma. Kashindye akawa anasoma mabati ya paa. Aliposhusha macho aliyakuta ya Adventina yakimsubiri, huku mikono ya mwalimu ikinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi hata moja.

Njia nzima ya kurudi alicheka. Alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha, ikabaki akilini ile mikono ya mwalimu juu ya kitambaa. Mtu kaacha mshahara wa serikali, kapaka chokaa mwenyewe, kaalika wageni. Wiki mbili alikosa ujasiri wa kupita Nyakato.

Mwishowe Adventina ndiye aliyekuja. Alikataa kigoda, kisha akakikalia.

"Nimepata watoto saba wapya. Wanne ni wajukuu wa Mzee Ngosha."

"Hongera sana."

"Nataka mazizi mengine manne. Na fahali wawe... kama alivyowafanya Queen."

"Aliwafanyaje?" Kashindye hakuweza kujizuia.

Adventina akatazama huku na huku, akalitaja neno kwa Kihaya.

"Kihaya sisikii, mwarimu."

Basi akalitaja kwa Kiswahili, lote, kwa matamshi safi ya darasani. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliangusha shuka. Kashindye akainamia magoti yake akicheka, na Adventina, baada ya kupigana nacho kidogo, kicheko kikamshinda naye.

"Ila viungane na mwili," alisema akijifuta macho. "Visichomoke. Juzi mtoto mmoja amekiingiza puani."

Kicheko cha Kashindye kikakatika. "Kimetoka?"

"Alipiga chafya, kikatoka. Lakini mimi nilizeeka pale pale."

"Mwarimu, nisamehe." Alilisema akiwa amesimama, viganja vimekutana. "Kwa hilo la puani. Lile lingine siwezi kukudanganya."

Akaingia ndani, akatoa kopo lenye vipande vilivyobaki, akavimwaga kwenye moto wa jikoni. Kisha akachagua ubao mnene, akamwonyesha Adventina jinsi fahali mzima atakavyotoka humo, mwili mmoja, bila kiungo cha kuchomeka.