Mdimu wa Bibi

Leo nikitoka shule nimenusa maua ya mdimu nje ya nyumba moja Mtopanga, nikamkumbuka mke wa ami.

Mdimu wetu ulikuwa ukichanua kisha maua yanapukutika yote. Kwetu, mti kama huo hutishwa kwa panga ili uzae, na mtu mwingine huuombea usikatwe. Bibi akamwita mke wa ami, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, aje auombee.

"Naukata leo, hauna faida!" bibi akasema, panga mkononi.

"Uwache, mama. Mwakani utazaa, inshallah."

"Haya, mti nauwacha. Na wewe je, nikungoje mpaka lini?"

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Ami naye akacheka.

Mke wa ami alirudi kwao siku ile ile. Asubuhi yake bibi alimaliza kufua, akaumwagia mdimu maji ya sabuni shinani, kama alivyofanya miaka yote, na maua yakazidi kupukutika.